Mkonge, Sufu na Mikono ya Wanawake: Historia ya Ufumaji katika Taita Taveta

Ufumaji wa sweta, kofia na vitambaa kwa sindano haukuzaliwa Taita Taveta, na ukitazamwa kwa upande wa hali ya hewa peke yake ni ajabu kwamba uliweza kudumu katika mji kama Voi, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 600 tu kutoka usawa wa bahari, ambako jua la nyika huwaka karibu mwaka mzima. Vilimani mambo ni tofauti: mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Voi humfikisha msafiri Wundanyi, na juu zaidi Werugha na Mgange, ambako ukungu hushuka mapema na mtoto wa shule hawezi kutoka asubuhi ya Julai bila kitu kizito mwilini. Hata hivyo baridi ya milimani haitoshi kueleza kwa nini wanawake wa nyika na wa vilima walishika uzi kwa miaka zaidi ya mia moja, wakafuma vitu ambavyo mara nyingi havikuwa vya kuvaliwa na wao wenyewe. Maelezo yanayoridhisha zaidi ni kwamba sindano, ingawa ililetwa kama chombo cha elimu ya kigeni, iliwakuta wanawake ambao tayari walijua kupota na kusuka nyuzi, na ambao walikuwa na desturi ya kufanya kazi hiyo pamoja, kwa ajili ya mtu fulani anayefahamika.

Kufuma, kwa maana itakayofuatwa hapa, ni kuunda kitambaa kwa vitanzi vya uzi mmoja mrefu vinavyopitishwa kimoja ndani ya kingine, ama kwa sindano mbili ndefu, ama kwa sindano moja fupi yenye ncha iliyopinda, kazi ambayo Wakenya huiita krosheti. Kusuka kikapu hufuata kanuni nyingine, kwa kuwa huhitaji makundi mawili ya nyuzi, yaani mtande unaosimama na mshindio unaouzunguka. Kanuni ni mbili, lakini historia yake katika eneo hili ni moja.

Nyuzi kabla ya sindano, hadi 1883

Kabla ya karne ya 19 kumalizika, wanawake wa Taita walipata nyuzi zao kutoka kwenye magome ya miti, ukiwemo mbuyu, na kutoka kwenye mimea ya nyikani yenye majani magumu ya jamii ya mkonge wa porini. Majani yalipondwa na kukwanguliwa hadi nyama yake ikatoka, nyuzi zikaanikwa juani, kisha zikapotwa pajani: mwanamke aliketi, akaweka vibano viwili vya nyuzi juu ya paja, akavisukuma mbele kwa kiganja hadi kila kimoja kikajikaza peke yake, halafu akavirudisha nyuma kwa pamoja ili vishikane na kuwa kamba moja nyembamba. Kikapu kilianzia kitakoni. Kamba chache za mtande zilipishanishwa katikati, na kamba mbili za mshindio zikazizunguka moja moja kwa kubadilishana mbele na nyuma, na kila duara lilipopanuka mtande mpya uliongezwa, hadi kitako kikafikia upana uliotakiwa na kuta zikaanza kupanda. Kikapu kilichosukwa vizuri kilikaza kiasi cha kubeba nafaka ndogo bila kuvuja, na ubora huo ndio uliokuja kuvipatia vikapu vya Taita jina nje ya nchi.

Kazi hiyo ilikuwa na sifa moja iliyoathiri yote yaliyofuata, nayo ni kwamba haikumfunga mtu mahali. Ilifanywa njiani kwenda shambani, ilifanywa huku mtoto akibembelezwa mgongoni, na zaidi ya yote ilifanywa katika mazungumzo, kwa sababu vidole vilivyokwisha kuzoea havihitaji macho. Ni vigumu kuita jambo hili burudani, kwa kuwa kikapu kilikuwa chombo cha lazima cha kubebea mahindi, maharagwe na mtama, lakini ni vigumu vilevile kukanusha kwamba lilikuwa na utulivu wake.

Utulivu wa moyo ulikuwa na uzito wa pekee katika dini ya jadi ya Wataita, inayoitwa wutasi. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti vilimani mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake kikuu juu ya dini hiyo mwaka 1978, alieleza kwamba hasira iliyofichwa moyoni ilihesabiwa kuwa chanzo cha magonjwa na mikosi, si kwa mwenye hasira tu bali pia kwa ndugu, watoto na mifugo, na kwamba dawa yake ilikuwa kutasa, yaani kutema funda la maji au la pombe huku mhusika akitamka maneno ya kuitoa hasira na kuomba heri. Jamii iliyoamini kwamba moyo usiotulia unaweza kumdhuru jirani haikuhitaji kufundishwa na mgeni yeyote kwamba kutulia ni jambo la watu wote. Ususi haukuwa ibada ya wutasi na haifai kuupachika huko kwa nguvu. Linaloweza kusemwa ni kwamba ulifanyika ndani ya jamii yenye mtazamo huo.

Nguo za kufumwa zilikuwa bado hazijulikani. Misafara ya biashara kutoka Mombasa kuelekea Taveta na Kilimanjaro ilipita chini ya vilima ikiwa na merikani, yaani pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyotoka Marekani, pamoja na kaniki nyeusi na shanga. Mmisionari Johannes Rebmann alipofika mlima Kasigau mwaka 1847 alikuta eneo ambalo tayari lilijua thamani ya kitambaa kama mali ya kubadilishana.

Misheni, reli na duka la uzi, 1883 hadi 1914

Badiliko la kwanza kubwa lilianza mwaka 1883, wakati Joseph Alfred Wray wa shirika la Kianglikana la Church Missionary Society (CMS) alipofungua kituo Sagalla, mlima unaoutazama mji wa Voi wa leo. Mwanzo wake ulikuwa mbaya. Njaa kuu iliyokumbukwa kwa jina la Mwakisenge iliingia mwaka uliofuata, na baadhi ya wenyeji wakamshuku mgeni huyo kuwa ndiye aliyezuia mvua. Watu wengi wa Sagalla walihama kutafuta chakula, na kazi ya misheni ikasimama kwa muda kabla ya kuanzishwa upya. Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu walifuata mwaka 1892 kwa kujenga Bura, na katika miaka hiyohiyo ya 1890 CMS walikuwa pia Taveta, ambako walichapisha jarida lao dogo.

Nyuma ya kila kituo cha aina hiyo palikuwa na mikutano ya wanawake huko Uingereza ambayo mara nyingi haipewi nafasi katika vitabu vya historia. Vikundi vya parokia vilivyoitwa kwa jina la Dorkasi, yule mwanamke wa Yafa anayesifiwa katika Matendo ya Mitume kwa kuwashonea wajane nguo, vilikutana kila juma kushona na kufuma mavazi ya maskini wa kwao na ya misheni za ng'ambo, na makasha yao yalisafirishwa kwa meli hadi Afrika. Kwa hiyo, kitambaa cha kufumwa kilipofika kwenye vituo vya misheni vya pwani na bara kilifika kwanza kama sadaka, na aliyekipokea aliwekwa kwenye nafasi ya mhitaji, hata pale ambapo hakuwa ameomba lolote.

Hatua ya pili ilikuwa kumgeuza mpokeaji kuwa mfumaji. Shule za misheni katika pwani ya Kenya, kuanzia Freretown karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, ziliwafundisha wavulana kusoma, useremala na uashi, na wasichana kusoma pamoja na kazi ya sindano, na mtindo huo ulipanda vilimani pamoja na wamisionari. Mgawanyo huo ulibeba fikra za Uingereza ya wakati ule juu ya mke mwema: mtulivu, msafi, anayeketi nyumbani akishughulisha mikono yake. Mwanamke wa Taita, aliyekuwa mkulima na mwendaji soko, hakuwa na muda mwingi wa kuketi, na hapana shaka mafunzo hayo yalimpunguzia hadhi ya kiuchumi machoni pa walimu wake. Hata hivyo alichukua ustadi na kuacha sehemu kubwa ya mahubiri yaliyoambatana nao, jambo ambalo wanafunzi wa mahali pengi wamelifanya.

Ustadi bila uzi haufai kitu, na uzi uliletwa na reli. Ujenzi ulioanza Mombasa mwaka 1896 ulifika Voi kabla ya karne kumalizika, na kituo hicho kilichokuwa nyika tupu kikawa mji mdogo wenye stesheni, ofisi za serikali na maduka ya wafanyabiashara Wahindi, ambako sindano, nyuzi na vitambaa vilinunuliwa kwa rupia na baadaye kwa shilingi. Tangu wakati huo Voi imekuwa lango la bidhaa za vilimani, na vilima vikawa soko la Voi.

Soksi za askari na mashamba ya mkonge, 1914 hadi 1945

Vita Kuu ya Kwanza ilipiga eneo hili mapema kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya, kwa kuwa Wajerumani waliiteka Taveta mwezi Agosti 1914. Voi ikageuka kambi, na kuanzia 1915 reli ya kijeshi ilijengwa kuelekea magharibi kupitia Maktau, hadi mapigano ya Salaita ya Februari 1916 na kukombolewa kwa Taveta mwezi uliofuata. Watu wa Kasigau waliulipia mpaka wa Waingereza na Wajerumani kwa namna ya kikatili: baada ya shambulio la Wajerumani mwaka 1915, serikali ya Uingereza iliwashutumu kwa kumsaidia adui, ikawahamishia Malindi, na hawakuruhusiwa kurudi kwao hadi miaka ya 1930.

Huko Uingereza vita hivyo viliigeuza kazi ya kufuma kuwa wajibu wa taifa. Malkia Mary aliwaomba wanawake wa nchi yake soksi jozi 300,000 katika miezi ya kwanza ya vita, na wito huo ukawafanya wengi ambao hawakuwahi kushika sindano kujifunza. Mfumaji wa soksi za askari alijipatia faraja ya kuwa na la kufanya wakati habari mbaya zilipokuwa zikimiminika, na askari alipata miguu mikavu. Hapo ndipo ufumaji wa kujiliwaza na ufumaji wa msaada vilipounganishwa rasmi kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa hivyo. Upande wa Voi na Maktau, makumi ya maelfu ya Waafrika waliochukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi walibeba risasi na vyakula bila kuwemo katika ukarimu huo, na wengi wao walikufa kwa maradhi. Baada ya vita, hospitali za Uingereza na Marekani ziliwapa askari waliojeruhiwa mwili na akili kazi za kufuma na kusuka vikapu kama sehemu ya matibabu, na kutokana na hilo taaluma ya tiba kwa kazi ikapata nguvu. Kusuka kikapu, kazi ambayo mwalimu wa misheni angeliiona kuwa ya kishenzi karibu na sufu, kuliandikwa na daktari wa London kama dawa ya neva.

Wakati huohuo nyuzi za Taita zenyewe zilikuwa zinabadilika. Mkonge wa kibiashara, mmea wenye asili ya Meksiko, uliingizwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893 kupitia Florida, ukavuka mpaka na kuenea katika nchi kame ya Voi, Mwatate na Taveta, ambako mzungu mashuhuri Ewart Grogan alikuwa miongoni mwa waliomiliki mashamba makubwa. Jani la mkonge hutoa nyuzi zisizozidi asilimia 5 ya uzito wake, kwa hiyo mashamba yalihitaji ardhi kubwa, mitambo ya kukwangua na vibarua wengi. Kwa msusi wa kikapu mmea huo ulikuwa neema, maana nyuzi zake ni ndefu, nyeupe na hushika rangi vizuri, na polepole zikachukua nafasi ya magome na mimea ya nyikani. Kwa familia yake mkonge ulikuwa jambo lenye pande mbili, kwa sababu ardhi iliyouzaa ilikuwa imetwaliwa. Malalamiko juu ya ardhi, hasa karibu na Wundanyi, ndiyo yaliyozaa chama cha Taita Hills Association, ambacho serikali ilikipiga marufuku mwaka 1940 na kumhamisha kiongozi wake Woresha Mengo. Wanaume walikwenda kufanya kazi za mshahara Voi, Mombasa na mashambani, na wanawake waliobaki vilimani wakawa na haja mpya ya fedha za kodi, karo na chumvi. Kuanzia hapo kikapu kilianza kuhesabiwa kwa shilingi.

Vilabu vya akina mama, 1945 hadi 1963

Mwaka 1948 serikali ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Tsavo, na sehemu kubwa ya nchi kame iliyozunguka Voi ikawa haitumiki tena kwa malisho wala uwindaji; leo hifadhi hiyo inachukua zaidi ya nusu ya eneo la kaunti. Miaka minne baadaye, mwaka 1952, lilizinduliwa shirika la Maendeleo ya Wanawake, lililokua kutokana na mafunzo yaliyotolewa katika Shule ya Jeanes huko Kabete, na kupitia vilabu vyake sindano ikatoka nje ya ua wa misheni na kufika vijijini. Ratiba ya klabu ilifanana karibu nchi nzima: usafi wa nyumba, mapishi, malezi ya watoto, kushona, kufuma na krosheti.

Wanahistoria wamelitazama shirika hilo la awali kwa jicho kali, nao wana haki, kwa kuwa lilianzishwa mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau na lilitumiwa, hasa katika Mkoa wa Kati, kuwavuta wanawake upande wa serikali. Katika wilaya iliyokuwa nje ya vita vya Mau Mau kama Taita, uzito wa siasa ulikuwa mwepesi zaidi na uzito wa mkutano wenyewe ukawa mkubwa zaidi. Klabu ilimpa mwanamke aliyeolewa sababu inayokubalika ya kutoka nyumbani mchana mmoja katika juma, kuketi na wenzake, na kurudi akiwa na kitu mkononi ambacho mume hangeweza kukilalamikia.

Umuhimu wa sababu hiyo unaonekana zaidi ukilinganishwa na jambo lingine alilolieleza Harris katika makala ya mwaka 1957, yaani saka, hali ya kupagawa iliyowapata wanawake walioolewa, ambamo mgonjwa alitetemeka, akapoteza fahamu na kutamani vitu fulani, vikiwemo nguo na bidhaa za madukani zilizopatikana kwa fedha za wanaume. Tiba yake ilihusisha kupewa kitu kilichotamaniwa au kuchezewa ngoma hadharani. Harris aliona katika saka mvutano kati ya wake waliobaki shambani na waume waliokuwa na mshahara, na ufafanuzi huo una nguvu hadi leo. Haitakuwa sahihi kudai kwamba klabu ya kufuma iliondoa saka. Vilabu na saka vilikuwepo katika kizazi kimoja cha wanawake, na vyote viwili vilihusu swali lilelile: mwanamke asiye na fedha zake ataupoza vipi moyo wake?

Harambee, kiondo na vitambaa vya makochi, 1963 hadi 1990

Baada ya uhuru, wito wa harambee uliotolewa na Jomo Kenyatta uliyapa makundi ya wanawake kazi mpya. Vilabu viligeuka kuwa vikundi vya kuchangiana kwa zamu, ambavyo kila mwanachama alitoa kiasi kidogo na mmoja wao akapokea chote. Zamu ya kwanza ilinunua sufuria, ya pili mabati, ya tatu ikalipa karo. Kuundwa kwa Ofisi ya Wanawake ya serikali mwaka 1975, katika mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kwa ajili ya wanawake, kulivipa vikundi hivyo usajili, na mkutano mkubwa wa wanawake wa dunia uliofanyika Nairobi mwaka 1985 uliwaleta wageni wengi waliorudi makwao na viondo mabegani. Kiondo, kikapu cha mviringo chenye mkanda wa ngozi, kilikuwa tayari kimekuwa mtindo Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1970, na vikapu vya Taita viliuzwa pamoja na vile vya Ukambani na Kikuyu. Furaha hiyo haikudumu. Viwanda vya Asia vilianza kuiga kiondo na kukiuza kwa bei ambayo msusi wa mkono hangeweza kuifikia, kwa kuwa kikapu kimoja kizuri huchukua wiki kadhaa za kazi ya vipande vipande, na kabla ya muongo huo kumalizika soko la nje lilikuwa limeporomoka.

Krosheti ilikuwa na maisha mengine kabisa, yasiyotegemea mtalii. Sebule ya Kikenya ya miaka ya 1970 na 1980 haikukamilika bila vitambaa: vya migongo ya makochi, vya mikono yake, kimoja kikubwa cha meza, kimoja cha redio na, kwa aliyejaliwa, kimoja cha televisheni, vyote vya rangi moja na vyenye ncha za maua. Mwali aliandaliwa seti nzima kabla ya kuolewa, na mgeni aliyeingia alikadiria bidii ya mwenye nyumba kwa macho kabla ya kuketi. Voi, yenye joto lake, ilikuwa mji wa vitambaa. Wundanyi na Mgange zilikuwa nchi ya sweta. Wapo waliodharau vitambaa hivyo kama mabaki ya ukoloni, lakini dharau hiyo inasahau kwamba vilikuwa miongoni mwa vitu vichache ndani ya nyumba ambavyo mwanamke alichagua rangi yake mwenyewe.

Msaada pia ulibadili sura. Umoja wa Akina Mama wa Kianglikana, ulioanzishwa Uingereza na Mary Sumner mwaka 1876, pamoja na vyama vya akina mama wa Kikatoliki, vilifanya kutembelea wazazi wapya, wagonjwa na wafiwa kuwa sehemu ya ratiba, na haikufaa kwenda kuona mtoto mikono mitupu. Shali nyeupe, kofia na viatu vidogo vya sufu vikawa zawadi ya kawaida. Wale waliokuwa wapokeaji wa makasha ya Dorkasi sasa walikuwa watoaji, na walimpa mtu wanayemjua kwa jina.

Mitumba na sweta za shule, 1990 hadi 2010

Kulegezwa kwa masharti ya biashara mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulifungulia nchi mitumba, yaani nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo, na sweta ya sufu iliyomchukua mfumaji majuma mawili ikashindana na sweta ya Uingereza iliyouzwa sokoni Voi kwa bei ya mboga. Mfumaji wa kawaida hakuwa na jibu la bei. Alichofanya ni kuigeuza mitumba kuwa malighafi: alinunua sweta kubwa isiyo na mnunuzi, akaikata mishono, akaufumua uzi wake safu baada ya safu huku akiuzungusha kiganjani kuwa donge, akauosha na kuuanika ukiwa umevutwa ili unyooke, kisha akafuma nao shali ya mtoto, au akauingiza kwenye kikapu kama mshindio wa rangi juu ya mtande wa mkonge. Viondo vya sufu vilivyoonekana katika masoko ya Kenya vina chanzo chake hapo kwa sehemu kubwa.

Palipobaki na fedha ya uhakika ni kwenye sare za shule. Elimu ya msingi bila malipo iliyotangazwa mwaka 2003 iliongeza wanafunzi ghafla, na kila mwanafunzi wa vilimani alihitaji sweta ya rangi ya shule yake. Kazi hiyo ilichukuliwa na mafundi wenye mashine ya kufumia, ambayo husukumwa kwa mkono kutoka upande hadi upande na kumaliza kipande cha mgongo kabla mfumaji wa sindano hajamaliza ukingo, nao walitumia uzi wa akriliki, nyuzi za kiwandani zinazofanana na sufu, zinazosokotwa Ruiru na kwingineko. Sindano mbili za mkono zilisukumwa nje ya soko, na kwa kuondolewa huko zikaachiwa mambo mawili tu, kujiliwaza na kutoa zawadi.

Vikapu vya Kasigau na kofia za watoto, kuanzia 2010

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 uhai mpya ulitokea mahali ambapo wachache wangeutarajia, katika nchi kame kati ya Maungu na Kasigau, kwenye vijiji kama Rukanga, Bungule na Makwasinyi. Kilimo cha huko kinategemea mvua isiyoaminika, na kile kinachoota huvamiwa na ndovu. Mradi wa kuhifadhi misitu wa Kasigau, uliokuwa miongoni mwa ya kwanza duniani kuuza hati za hewa ya ukaa mwaka 2011, ulileta wanunuzi na wafadhili, na kampuni ya kijamii ya Hadithi ikaviunganisha makumi ya vikundi vya wanawake na masoko ya nje, safari hii kwa kuuza ubora na jina la msusi badala ya wingi. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutekelezwa Kenya tarehe 28 Agosti 2017 ilikirudisha kikapu mikononi mwa wanunuzi wa mjini pia. Misimu mitano mfululizo ya mvua haba kati ya 2020 na 2022 ilipoyaangamiza mazao, kikapu kilibaki kuwa zao pekee ambalo ukame haukuligusa.

Janga la korona lililofika nchini Machi 2020 lilikuwa jaribio la namna nyingine. Shule zilifungwa kwa miezi mingi, watalii wa Tsavo wakatoweka, na mafundi wa sare wakakosa kazi. Duniani kote watu waliofungiwa majumbani walirudi kwenye sindano, na madai ya zamani kwamba kufuma hutuliza yalisomwa upya. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2013, uliowauliza wafumaji 3,545 kutoka nchi mbalimbali, ulikuwa umeonyesha kwamba waliofuma mara nyingi zaidi waliripoti utulivu na furaha zaidi, na kwamba waliofuma katika vikundi walisema mahusiano yao na watu yameimarika. Matokeo hayo yana kasoro yake, kwani waliojibu walikuwa watu waliokwisha kuipenda kazi hiyo, lakini sehemu inayohusu vikundi isingemshangaza mwanachama yeyote wa chama cha akina mama cha Mwatate.

Mfano wa karibu wa faraja na msaada kukutana katika mikono ya mtu mmoja unatoka Thika, ambako mwanamke fundi wa nguo aliyejifunza kufuma alipokuwa akipona saratani ya matiti alianza kutengeneza matiti bandia ya uzi, mepesi na yanayofulika, kwa ajili ya wanawake waliokatwa titi, kwa bei iliyo sehemu ndogo tu ya yale ya silikoni, na akawafundisha wagonjwa wengine kuyafuma. Kazi ya aina hiyo imepata wenzake katika kofia za watoto njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Huduma ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambayo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza, humweka mtoto ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama akiwa amevaa nepi, soksi na kofia tu, kwa sababu kichwa cha mtoto wa aina hiyo ni kikubwa kulinganisha na mwili wake na hupoteza joto haraka, hata katika mji wa joto kama Voi, penye hospitali ya rufaa ya kaunti. Kofia moja huhitaji uzi usiofika gramu 30 na muda wa jioni moja au mbili. Hufumwa kwa mviringo kuanzia ukingoni, vitanzi vikipunguzwa kwa mpangilio kuelekea utosini hadi vikabaki vichache vya kukazwa kwa uzi mmoja, bila mshono wa kumkwaruza mtoto.

Ujuzi huo kwa sasa umeshikwa zaidi na wanawake wa makamo na wazee, waliojifunza katika vilabu au kwa mama zao. Somo la sayansi ya nyumbani liliwahi kuufikisha kwa kila msichana wa shule ya msingi, lakini mtaala wa 8-4-4 ulipokazwa kuelekea mitihani kazi za mikono zilisogezwa pembeni, na mtaala mpya wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, umezirudisha darasani kwa wavulana na wasichana pamoja. Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake vilimani kufuma au kusuka mara nyingi hulazimika kumwita bibi wa mmoja wao aje na sindano zake, donge la uzi uliofumuliwa na kitako cha kikapu kilichokwisha kuanzwa.